Mwongozo kamili wa kumtengenezea mtoto kijitabu cha maarifa cha mfukoni

Mwaka juzi nilimnunulia mtoto wa dada yangu kijitabu cha maswali na majibu pale stendi, vile vidogo vinavyouzwa pamoja na kalenda na ramani za ukutani, akaenda nacho shule kifua mbele. Siku ya pili mwalimu kauliza nchi gani ni kubwa kuliko zote Afrika, yeye akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akasema Sudan, na darasa zima likamcheka. Jioni akaja kunirudishia, hakulia wala nini, akaniambia tu "Mamdogo, hiki kitabu kinadanganya."

Nikakaa nacho nikakisoma chote. Sayari 9. Nchi za Afrika 53. Mikoa ya Tanzania 26. Sudan ndo nchi kubwa Afrika. Sasa ukiangalia vizuri hakuna hata kimoja hapo ambacho kilikuwa uongo siku kilipoandikwa, Sudan ilikuwa kubwa kweli mpaka Julai 2011 Sudan Kusini ilipojitenga na nafasi ikachukuliwa na Algeria, na mikoa ilikuwa 26 kweli mpaka 2012. Kitabu kilikuwa kimezeeka tu, na hamna popote kilipoandikwa mwaka, kwa hiyo mtoto wa darasa la nne atajuaje?

Toka hapo nimeshawatengenezea watoto wa kwetu vijitabu kadhaa kwa mkono, na nimevichana vingine nikaanza upya, kwa hiyo naandika hapa kila kitu kuanzia kuchagua mpaka kushona ili mwenzangu usirudie makosa yangu. Unachohitaji ni karatasi nne za A4, kipande cha manila, sindano na uzi, rula, wembe, penseli na kalamu. Na muda. Muda ndo mwingi.

KAMA UNATAKA KUNUNUA TU

Sio kila mtu ana nafasi ya kukaa anakunja karatasi, naelewa, na kuna vijitabu vizuri sana madukani. Ila usikinunue kwa kuangalia jalada. Shika kitabu, simama hapohapo kwa muuzaji, fanya mtihani wa dakika moja. Tafuta mwaka wa kuchapwa, huwa uko ukurasa wa pili ndani. Kama haupo nenda moja kwa moja kwenye sayari: zikiwa 9 na Pluto yumo, ujue maandishi hayo ni ya kabla ya 2006, maana mwaka huo wanasayansi wa anga walimtoa Pluto kwenye orodha zikabaki 8. Alafu angalia nchi za Afrika, ziwe 54. Alafu mikoa yetu, iwe 31 (26 ya bara na 5 ya Zanzibar), kama imeandikwa 30 kimeandikwa kabla ya Songwe kukatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa Kenya angalia kama bado wanaandika mikoa 8 badala ya kaunti 47. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, ikiwa na nchi 5 au 6 kimepitwa, sasa ziko 8 baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024.

Kikikosea moja usikitupe, unaweza kununua ukasahihisha kwa kalamu. Kikikosea matatu rudisha.

Alafu kifungue katikati mpaka kilale wazi kabisa. Kama gundi inalia au kurasa zinaanza kuachia, hicho mtoto hamalizi nacho muhula. Vilivyopigwa pini katikati ya mkunjo vinadumu kuliko vya gundi. Na soma mstari mmoja ukiwa umekishika umbali anaoshika mtoto, kama wewe mwenyewe unakunja macho basi herufi ni ndogo mno.

PIMA MFUKO KABLA YA KUKATA KARATASI

Hili nililikosea mara ya kwanza. Nilitengeneza kijitabu kizuri cha A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, nikakuta mfuko wa shati la shule hakiingii, kinatokeza juu, akiinama kinadondoka. Kwa hiyo chukua nguo ya shule ya mtoto, pima mfuko kwa rula. Mfuko wa kaptula au suruali unabeba A6 bila shida. Kama ni mfuko wa shati tumia A7, sentimita 7.4 kwa 10.5, ambayo ni nusu ya A6. Sketi ya binti ikiwa haina mfuko, toboa kona ya juu ya jalada upitishe utepe wa kufungia kwenye zipu ya begi.

Mimi hapa nitaeleza A6 yenye kurasa 32, kwa sababu ndo inayobeba vitu vya kutosha na mwandiko wa mtoto unaenea. Ukiacha nafasi ya sentimita moja pembeni pande zote, ukurasa mmoja unachukua mistari 12 mpaka 14 ya mwandiko wa kawaida. Weka hiyo namba kichwani. Mistari 12. Ukishajua una mistari 12 tu unaanza kuwa mkali kuhusu nini kinaingia na nini kinabaki nje.

WIKI MOJA YA KUSIKILIZA

Usianze kuandika. Wengi tunaanza kwa kunakili vitabu vingine, miji mikuu yote ya dunia, bendera, marais, mtoto anafungua mara moja anakifunga. Mimi nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila mtoto akiuliza kitu naandika. Wiki moja tu. Nilipata mbona mwezi unatufuata tukiwa kwenye gari, kwa nini meno yanatoka, nani aliipa Tanzania jina, je ziwa lina mwisho chini, popo anaonaje usiku, mtu wa kwanza alizaliwa wapi. Maswali ishirini na kitu. Hapo ndo kijitabu kilipo, hayo mengine ya shule utayachomeka katikati yake.

Na ukishayapata, panga kwa namna mtoto anavyoishi na sio kwa masomo. Mimi kurasa za mwanzo zilikuwa mwili wake, alafu nyumbani na kijijini kwao, alafu Tanzania, alafu majirani na Afrika, alafu dunia na anga. Anaanzia kwake anatoka nje. Mtoto akitaka kitu anakumbuka kiko mbali au karibu, anafungua mwanzo au mwisho, hahitaji hata yaliyomo.

KALAMU NA PENSELI

Hapa ndo naomba usome taratibu kwa sababu ndo jambo lenyewe. Kabla hujaandika chochote ndani ya kijitabu, jiulize: hiki kitu kinaweza kubadilika kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi? Kama hakiwezi, andika kwa kalamu. Kama kinaweza, andika kwa penseli na weka mwaka pembeni. Basi. Ukishika hili peke yake kijitabu chako kitakuwa bora kuliko kile cha stendi.

Vya kalamu ni vingi. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakawa 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania lenyewe likaja Oktoba mwaka huohuo. Hizi ziandike zote kwenye ukurasa mmoja kwa mpangilio, maana watu wazima wengi tu wanasema Tanzania ilipata uhuru 1961 na mwaka 1961 Tanzania haikuwepo. Mifupa ya mtu mzima 206, mtoto mchanga anayo mingi zaidi, karibu 300, kwa sababu inaungana akikua. Meno ya utoto 20, ya ukubwani 32. Mwanga wa jua unatumia dakika 8 hivi kutufikia. Tanzanite iligunduliwa Mirerani 1967. Fuvu la Zinjanthropus alilipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Alexander Nyirenda ndiye aliyepeleka Mwenge juu ya Kilimanjaro Desemba 1961.

Vya penseli sasa. Idadi ya mikoa. Rais aliyepo. Idadi ya nchi wanachama wa kitu chochote. Mji mkuu wa nchi (Burundi walihamia Gitega, na sisi wenyewe uamuzi wa Dodoma ni wa 1973 lakini sheria ya kuitangaza makao makuu imekuja 2018). Majina ya nchi, Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Hifadhi kubwa kuliko zote, maana Hifadhi ya Nyerere ilianzishwa 2019 kwa kumega Selous ikawapita wote. Rekodi za michezo zote bila kubagua.

Idadi ya watu usiiandike "Tanzania ina watu milioni kadhaa". Andika "Sensa ya 2022: watu 61,741,120". Unaona tofauti? Ya kwanza inazeeka kesho, ya pili haizeeki kamwe kwa sababu inasema ni lini watu walihesabiwa. Sensa ikifanyika nyingine unaongeza mstari chini yake na mtoto anaona mwenyewe watu wameongezeka kiasi gani. Vivyo hivyo kwa marais, usiandike tu rais wa sasa, andika wote na miaka yao: Nyerere 1964 mpaka 1985, Mwinyi mpaka 1995, Mkapa mpaka 2005, Kikwete mpaka 2015, Magufuli mpaka 2021, Samia kuanzia Machi 2021, na mbele acha mstari mtupu. Mtoto alivyo akiona mstari mtupu anauliza huu ni wa nani, na hapo mazungumzo ya uraia yameanza bila wewe kuhutubia.

UHAKIKA

Kila kitu kihakikishe sehemu mbili, na ziwe sehemu mbili kweli, sio tovuti mbili zilizonakiliana. Kitabu cha shule cha darasa lake ni kimoja. Ofisi husika ni ya pili, kwa mfano namba za sensa chukua Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mambo ya hifadhi chukua TANAPA. Meseji za magrupu ya WhatsApp usizihesabu kabisa hata zikiwa na picha.

Utakutana na namba zinazogombana. Kilimanjaro vitabu vingi vinasema mita 5,895 na vipimo vya miaka ya karibuni vinasema 5,892. Mlima Meru kwingine 4,562 kwingine 4,566. Nchi za Afrika 54 lakini Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa sababu wao wanaihesabu na Sahara Magharibi ambayo Umoja wa Mataifa hauihesabu. Kwa hiyo andika ile inayotumika kwenye kitabu cha darasa lake, alafu kwa herufi ndogo chini weka ile nyingine. Usimfiche. Mtoto akishajua kwamba mlima unapimwa na watu, kwa vifaa, na vifaa vinaboreshwa, hatachanganyikiwa siku akikuta namba nyingine.

Hata majina angalia. Sayari iliyo karibu zaidi na jua kitabu hiki kinaiita Zebaki, kile kinaiita Utaridi, na ni ileile. Fuata la darasani kwake, lingine weka pembeni.

Nilitenga ukurasa mmoja nikauita "Watu husema lakini sivyo", na mpaka leo ndo uliochakaa kuliko yote. Popo ni kipofu: hapana, anaona, na wengi wao wanatumia pia mwangwi wa sauti yao kujua kilichopo mbele gizani. Mbuni huficha kichwa mchangani: hapana, anainamisha kichwa kugeuza mayai yake yaliyo kwenye shimo chini. Ukuta wa China unaonekana ukiwa mwezini: hapana, ni mwembamba mno kwa umbali huo. Damu ni ya bluu ndani ya mishipa: hapana, ni nyekundu muda wote, ngozi ndo inaifanya mishipa ionekane ya bluu. Mtoto wa dada yangu alienda na huu ukurasa kwa babu yake akamwambia "Babu, ile ya mbuni ulituambia siyo", na mzee akakubali, akaomba asomewe zote.

KUANDIKA UKURASA MMOJA

Mfano wa Ziwa Tanganyika. Mwanzo niliandika: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Sawa, ni kweli, lakini nilimuuliza mtoto mita 1,470 ni ndefu kiasi gani, akanyoosha mikono. Hana picha. Sasa uwanja wa mpira wa kimataifa urefu wake ni mita 105. Ukigawa 1,470 kwa 105 unapata 14 kamili. Kwa hiyo ukurasa ukabadilika ukawa hivi:

Ziwa Tanganyika. Chukua viwanja 14 vya mpira, visimamishe kimoja juu ya kingine, vizamishe ziwani palipo na kina kuliko pote. Vyote vinaisha majini. Mita 1,470. Ziwa moja tu duniani linalizidi: Baikal, Urusi. Nchi nne zinalichangia: Tanzania, Kongo, Burundi, Zambia. Swali: je Ziwa Victoria linalizidi kwa nini?

Jibu la swali hilo (upana, Victoria ni kilomita za mraba kama 68,800, kubwa kuliko yote Afrika) liko ukurasa mwingine makusudi, lazima alitafute. Fanya hivyo kila kurasa mbili tatu. Namba moja kubwa kwa ukurasa inatosha, na kila namba kubwa itafutie kitu ambacho mtoto anakijua kwa macho au kwa miguu. Mwezi uko kilomita kama 384,000 kutoka hapa, na ndo maana unaonekana unatufuata: uko mbali kiasi kwamba ukitoka Morogoro mpaka Dodoma bado wewe hujasogea kitu kwake. Hii alielewa tukiwa ndani ya basi, miti ya karibu inakimbia nyuma, mlima wa mbali unaenda polepole, mwezi hauendi kabisa.

Tumia lugha anayoongea nyumbani. Sentensi fupi. Kama anasoma shule ya Kiingereza bado mwandikie Kiswahili, neno la Kiingereza analihitaji kwa ajili ya mtihani atalipata kwenye daftari lake.

Kurasa nne za mwisho acha tupu, andika juu tu "Maswali yangu". Usizijaribu kuzijaza wewe.

KUKUNJA NA NAMBA

Chukua A4 nne, kata kila moja katikati kwa upana upate karatasi 8 za A5. Kila A5 ikunje katikati, pitisha kucha au mgongo wa kijiko kwenye mkunjo mpaka ukae. Alafu ziingize moja ndani ya nyingine, zote 8. Hesabu kurasa, ziwe 32. Kama unaandika kwa mkono kijitabu kimoja tu, weka namba kwa penseli moja mpaka 32 na uandike humohumo, umemaliza.

Ila ukitaka kutoa kopi kwa ajili ya darasa au watoto wa ukoo, inabidi uandike kwenye karatasi zikiwa zimefunguliwa, na hapo wengi wanapotea kwa sababu kurasa hazifuatani. Karatasi ya nje kabisa upande wa nje ina 32 kushoto na 1 kulia. Ukiigeuza ina 2 kushoto na 31 kulia. Inayofuata 30 na 3, nyuma 4 na 29. Alafu 28 na 5, 6 na 27. Alafu 26 na 7, 8 na 25. Alafu 24 na 9, 10 na 23. Alafu 22 na 11, 12 na 21. Alafu 20 na 13, 14 na 19. Ya ndani kabisa 18 na 15, nyuma 16 na 17. Kuna namna ya kujihakikisha: kurasa mbili zilizo uso mmoja ukizijumlisha lazima upate 33 siku zote, na namba witiri zinakaa kulia, shufwa kushoto. Ukipata 32 au 34 simama, umekosea mahali.

Na angalia hiyo 16 na 17. Ndo sehemu pekee ya kitabu kizima ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika. Weka ramani ya Tanzania hapo, ikae upana wote. Ukiichora kwingine Dodoma itagawanyika vipande viwili visivyokutana.

Kutoa kopi kwa akili: kila uso wa A5 utoe kopi mara mbili, uzibandike juu na chini kwenye A4 moja iliyosimama wima, ili karatasi moja ikikatwa itoe vitabu viwili. Kwa hiyo karatasi 8 za A4 zilizopigwa pande mbili zinakupa vijitabu viwili kamili. Mwambie wa steshenari ageuze karatasi kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, kwa upande mrefu, na atoe MOJA kwanza. Iinue kwenye mwanga, nyuma ya ukurasa wa 1 lazima kuwe na 2. Mimi niliwahi kumwachia kijana kazi nikaenda sokoni, narudi nakuta nyuma ya 1 kuna 31 tena kichwa chini, karatasi 40 zote, na kosa lilikuwa langu la kutokumwonyesha. Ukiandika kwa kompyuta tumia herufi za saizi 11, chini ya hapo usishuke.

JALADA NA KUSHONA

Manila kata sentimita 22 kwa 15, kubwa kidogo kuliko kurasa. Usiende kufanya laminesheni, ile plastiki haikunjiki vizuri na mkunjo unapasuka. Bandika selotepu pana nje, mstari kwa mstari, ukianza na mgongo. Inazuia mvua na jasho vya kutosha.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya mkunjo. Kama unayo hiyo tu, ifungue ilale wazi, laza kijitabu juu ya ndala ya zamani, jalada likiwa juu, bonyeza pini iingie kwenye soli, chomoa, alafu kunja miguu ya pini kwa ndani na mgongo wa kijiko. Inafanya kazi. Ila kushona ni bora, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kushona mwenyewe ukikaa naye.

Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, moja sentimita 4 juu yake, moja sentimita 4 chini. Uzi weka mara mbili, upitishe kwenye mshumaa uwe na nta usijisokote. Anza ndani: sindano itoke nje kwa tundu la katikati, acha mkia wa uzi ndani kama sentimita 8. Iingie ndani kwa tundu la juu. Ukiwa ndani ruka katikati nenda mpaka tundu la chini utoke nje. Rudi uingie tundu la katikati. Sasa mikia yote miwili iko ndani, iweke mmoja kushoto mmoja kulia ya ule uzi mrefu unaopita, vuta, funga fundo mara mbili juu yake. Usivute kwa hasira, karatasi inachanika.

Utaona kurasa za ndani zimetokeza nje kidogo kwa pembeni, kama milimita moja. Ni kawaida, karatasi za nje zinazunguka unene wa za ndani. Weka rula ya chuma, pitisha wembe mpya mara nyingi kidogokidogo, usibonyeze mara moja. Wembe ushike wewe.

Jalada la nyuma nje andika tebo ya kuzidisha kama ilivyo kwenye madaftari, ndani yake andika namba ya simu ya mzazi kwa kalamu isiyofutika. Jalada la mbele jina, darasa, na MWAKA. Mwaka uandike mkubwa.

KUKITUMIA

Dakika tano, hazizidi. Sisi huwa ni tukiwa tunasubiri daladala asubuhi au maji yakichemka jioni. Na usimuulize tu wewe, mpe kitabu akuulize, watoto wanapenda sana kumkamata mtu mzima hajui. Ukikosa, kosa kweli, mwambie "sijui, nisomee." Akiuliza kitu ambacho hakimo, usijibu kwanza, mwambie aandike kwenye zile kurasa nne za mwisho, Jumamosi mnatafuta pamoja.

Kila Januari kabla shule hazijafunguliwa, kaeni naye mpitie kila kilichoandikwa kwa penseli, kimoja kimoja, kinafutwa au kinabaki, na mwaka pembeni unabadilishwa. Mwache afute yeye. Januari ya kwanza ilikuwa mistari michache tu, kazi ya nusu saa.

Ile karatasi asilia uliyotolea kopi iweke kwenye bahasha ya kaki usiikunje, maana kijitabu chenyewe kikitumika vizuri kitaisha ndani ya mwaka mmoja. Cha mtoto wa dada yangu kilichakaa ukurasa wa popo mpaka ukatoka, akaushona tena mwenyewe na uzi mwekundu, na zile kurasa nne za maswali zilijaa kabla ya Juni akaomba kwenye kijacho ziwe nane. Kwa hiyo toleo la sasa nimetoa bendera zote, nikaziweka nane.